Pimeni mkono kabla ya kimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa ukurasa wenu wa michezo aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu futiboli ya Kimarekani na vijana wa Afrika Mashariki. Niliisoma makala yake kwenye simu nikiwa dukani kwangu, na nilifurahi kuona gazeti la nyumbani linaugusa mchezo ambao hapa ninapoishi ndio unaoamua Jumapili ya watu itakwendaje. Lakini kuna sentensi moja iliyonikaa kooni. Aliwashauri makocha wanaotafuta wapokeaji, yaani wale wachezaji wanaokimbia pembeni kudaka pasi ndefu, wasipoteze muda na kijana asiyefika futi 6, sawa na sentimita 183. Aliandika kana kwamba ni kanuni ya mchezo. Si kanuni, na kijana wa miaka 14 anayesoma gazeti lako huko Tanga au Mwanza akiikuta sentensi ile hatajaribu kabisa.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, na kazi nilifundishwa na shangazi yangu aliyekuwa akishona barazani, cherehani ya mguu, futi shingoni na chaki sikioni. Kwa miaka 18 sasa naishi Brooklyn Park, kaskazini ya jiji la Minneapolis katika jimbo la Minnesota, mtaa wenye Waliberia na Wakenya wengi, na nina duka dogo la kurekebisha nguo. Sina cheo chochote katika michezo. Nilicho nacho ni miaka mingi ya kupima miili ya watu, na kijana wangu wa pili, mwenye miaka 16, ambaye ni mpokeaji wa timu ya shule yake na ana kimo cha futi 5, inchi 8 na nusu.

Mchezo wenyewe uliniingia kwa mlango wa kazi. Kila Agosti, shule zinapoanza mazoezi, wazazi huniletea jezi zilizochanika kwapani na suruali zilizoachia mshono. Jezi ya futiboli ina ugumu wake, kwa sababu haivaliwi juu ya mwili. Inavaliwa juu ya pedi za mabega, na pedi hizo humfanya mtoto wa kawaida aonekane pandikizi la mtu. Mara ya kwanza nilipokwenda uwanjani nilidhani wote ni majitu. Mechi ilipokwisha wakavua helmeti na pedi, nikawaona ni watoto walewale wanaokuja dukani na mama zao kupunguziwa suruali za mahafali.

Sheria za mchezo nilifundishwa na mzee mmoja Mkisii, mteja wangu wa suti za kanisani, aliyefika Minnesota mwaka 1997. Kwa wasomaji wasioujua nitasema kwa kifupi tu: wachezaji 11 kwa 11, timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kati yao yuko mrushaji, ambaye huku humwita kwotabeki, na wako wapokeaji wanaotoka mbio kwenda mahali ambapo mpira utakuwa, si mahali ulipo. Ukidaka ndani ya eneo la mwisho, timu yako imepata tachidauni, pointi 6.

Mzee yule anaamini sawa na mwandishi wenu. Yeye macho yake yalifunguka mwaka 1998, wakati timu yetu ya hapa, Minnesota Vikings, ilipomchukua Randy Moss, kijana wa futi 6 na inchi 4, ambaye msimu wake wa kwanza tu alidaka tachidauni 17. Upande wa pili alikuwapo Cris Carter, futi 6 na inchi 3. Watoto wa huku wamelifanya jina la Moss kuwa kitenzi: mtu akikurukia na kudaka mpira juu ya kichwa chako, wanasema amekumosi. Basi kila tukibishana, mzee hunikumbusha msemo wa makocha wa Kimarekani: "Mama Fundi, mbio zinafundishwa, kudaka kunafundishwa, urefu haufundishwi."

Urefu haufundishwi, kweli. Ila nilikuwa nikijiuliza ni urefu wa nini.

Jambo la kwanza ambalo fundi anajifunza ni kwamba watu wawili wa kimo kimoja hawavai shati moja. Yupo ambaye urefu wake wote uko miguuni. Yupo ambaye uko kiwiliwilini, ukimshonea suruali kwa kukisia kimo chake atakuwa anaikanyaga. Yupo mwenye shingo ndefu na kichwa kirefu, akisimama mlangoni unaona mtu mrefu, ukimpima mkono unakuta wa mtu wa wastani. Kichwa na shingo havidaki mpira, lakini ukimsimamisha mtu ukutani kumpima kimo umevihesabu vyote viwili.

Siku moja nilifanya jaribio dukani. Kijana wangu alikuja na rafiki yake wa timu, mpokeaji mwenzake, mtoto wa futi 6 na inchi 1, mwenye adabu sana. Tofauti yao ya kimo ni inchi 4 na nusu. Niliwapa chaki ya kukatia nguo, wakasimama wima ukutani bila viatu, kila mmoja akanyoosha mkono na kuchora alama pale alipofika. Tofauti ya alama ilikuwa chini ya inchi 2, maana kijana wangu ana mikono mirefu. Mashati yake nimekuwa nikiyaongeza mikono tangu ana miaka 10. Kisha wakaruka, kila mmoja mara tatu. Alama ya juu kabisa ya kijana wangu ilikuwa juu ya ile ya mwenzake kwa upana wa kidole. Walicheka, wakanunua soda, wakaenda zao. Mimi nilibaki naziangalia zile alama.

Wataalamu wenyewe wanajua haya. Kila mwaka ligi kuu, NFL, huwaita katika mji wa Indianapolis vijana zaidi ya 300 wanaotoka vyuo vikuu ili wapimwe kabla ya drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Kimo hupimwa hadi sehemu ya nane ya inchi. Lakini hawaishii hapo. Wanapima mkono kutoka begani hadi ncha ya kidole cha kati. Wanapima kiganja kilichotandazwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Hiyo, ndugu zangu, ni shibiri! Kipimo kilekile ambacho bibi zetu walipimia kitambaa kabla ya futi kufika madukani, leo ligi tajiri kuliko zote duniani inakitumia kujua kama kiganja cha mtu kinaweza kuukamata mpira wa mviringo wa yai unaokuja kwa kasi. Wanapima pia kuruka na mbio za yadi 40. Mwandishi wenu katika vipimo vyote hivyo amechukua kimoja, kile kinachoonekana kwa macho kutoka mbali, akakifanya mlango.

Sisemi urefu hauna faida, nami nisingependa kijana mrefu anayesoma barua hii akajiona amedharauliwa. Calvin Johnson wa Detroit Lions alikuwa futi 6 na inchi 5, na mwaka 2012 alipokea yadi 1,964, yaani umbali wote aliousogeza mpira kwa pasi alizodaka msimu ule, akavunja rekodi ya mpokeaji wa zamani Jerry Rice iliyokuwapo tangu 1995. Mlinzi mfupi alimfanya nini mtu kama yule? Mike Evans wa Tampa Bay, naye futi 6 na inchi 5, alivuka yadi 1,000 katika kila msimu kuanzia mwaka wake wa kwanza, 2014, hadi 2024, misimu 11 mfululizo. Uwanja unapofinyika karibu na eneo la mwisho, mahali ambapo hakuna tena nafasi ya kukimbia, mrushaji anaweza kuutupa mpira juu kwenye kona, na hapo mtu mrefu ana haki yake. Hata mrushaji aliyebanwa, anayetupa haraka bila kuona vizuri, hufurahi kuwa na mtu mkubwa wa kumlenga.

Hata hivyo, nawaomba wasomaji waitazame upya tachidauni moja ambayo mzee wangu huitaja kila mara kama ushahidi wake mkuu. Ni fainali ya Super Bowl ya Februari 2008. New England Patriots hawajafungwa mechi hata moja msimu mzima. Zimebaki sekunde 39, New York Giants wako yadi 13 kutoka eneo la mwisho. Mpokeaji wao ni Plaxico Burress, futi 6 na inchi 5. Mlinzi anayemkabili, Ellis Hobbs, ni mfupi sana kwake. Mrushaji Eli Manning anautupa kona ya kushoto, Burress anadaka, Giants wanashinda 17 kwa 14. "Umeona?" mzee husema, "mrefu juu ya mfupi."

Nimeitazama pasi ile mara nyingi, polepole, kama ninavyoutazama mshono uliofumuka kutafuta ulipoanzia. Burress hakuruka. Hakuhitaji. Hatua zake za kwanza aliingia ndani kana kwamba anakwenda katikati ya uwanja, Hobbs akaingia naye, akajitupa upande ule kwa mwili mzima, na Burress akageuka akaenda kona peke yake. Mpira ulipofika hapakuwa na mtu wa kumrukia. Mtu wa futi 5 na inchi 9 mwenye chenga ile angeudaka vilevile. Ninachoamini ni kwamba urefu wake ulimtisha mlinzi kiasi cha kumfanya aiwahi ile hatua ya ndani, na hiyo nayo ni faida. Lakini kilichofungua mlango ni miguu.

Miguu ndiyo nusu ya kazi ya mpokeaji ambayo televisheni haiionyeshi, kwa sababu kamera humfuata mrushaji. Nimekaa kwenye benchi za chuma za viwanja vya shule, kwenye baridi ambayo watu wa Tanga hawawezi kuifikiria, na nikajifunza kuutazama ule upande ambao mpira haupo. Mpokeaji hukimbia njia aliyopangiwa: yadi 5 mbele kisha ndani, yadi 12 kisha kurudi nyuma kidogo, mbele mbele hadi mwisho. Kinachomfanya apate pasi ni ile hatua moja au mbili za nafasi anazozipata wakati wa kukata kona. Mtu mrefu aliyetoka mbio anahitaji hatua kadhaa kuushusha mwili wake ili ageuke, na mlinzi anaziona hatua hizo. Mfupi ameshageuka. Kwa nini mwandishi wenu hakumpima mtu yeyote hapo?

Na kuna jambo la sheria. Zamani mlinzi aliruhusiwa kumsukuma na kumgonga mpokeaji njia nzima hadi mpira urushwe, na mabeki wakubwa kama Mel Blount wa Pittsburgh, futi 6 na inchi 3, waliwafanya wapokeaji wepesi wasifike popote. Mwaka 1978 ligi ilibadilisha sheria: baada ya yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia, mlinzi asimguse. Mwaka 2004 marefa wakaambiwa waisimamie sheria hiyo kwa ukali zaidi. Mtu aliyeujenga ushauri wake juu ya mpira wa kabla ya 1978 angekuwa na sababu ya kutaka mibaba tu. Leo mwepesi amelindwa na kitabu cha sheria.

Angalieni Wes Welker. Futi 5 na inchi 9. Mwaka 2004 alitoka Chuo Kikuu cha Texas Tech, drafti ikapita yote bila timu hata moja kumtaja. Alipofika New England akaongoza ligi nzima kwa idadi ya pasi alizodaka mwaka 2007, tena 2009, tena 2011. Karibu zote za katikati, pale ambapo walinzi wamejaa na nafasi ni ya kuiba.

Lakini ninayetaka kumzungumzia kwa kirefu ni Steve Smith, na nitaomba subira ya msomaji, kwa sababu huyu ndiye aliyeingia nyumbani kwangu. Alilelewa Los Angeles, akaanzia chuo kidogo cha Santa Monica, kisha Chuo Kikuu cha Utah. Carolina Panthers walimchukua mwaka 2001, akiwa mchezaji wa 74 kuchaguliwa, na wakamweka kazi ya kurudisha mipira ya kuanzia, yaani kuudaka mpira ambao wapinzani wanaupiga kuanzisha mchezo na kukimbia nao, kazi wanayopewa wafupi wenye mbio wakati wakubwa wakipewa nafasi za kudaka. Mechi yake ya kwanza kabisa ilikuwa hapahapa Minneapolis dhidi ya Vikings. Mpira wa kwanza uliopigwa siku ile aliupokea yeye, akakimbia yadi 93 hadi mwisho. Mzee wangu alikuwa akitazama. Anasema watu waliokuwa naye walikuwa hawajakaa vizuri kwenye viti.

Mwaka 2004 alivunjika mguu katika mechi ya kwanza ya msimu. Akakaa nje mwaka mzima. Mwaka 2005 akarudi, akadaka pasi 103, yadi 1,563, tachidauni 12, na katika mambo yote matatu hakuna aliyempita katika ligi nzima. Mtu wa futi 5 na inchi 9! Alimaliza kazi yake na yadi 14,731. Alikuwa akidaka mipira juu ya mabeki waliomzidi nusu futi, na ukimtazama utaona sababu: alikuwa akianza kuruka mapema kidogo, mwili ameshauweka kati ya mpira na mlinzi, mikono ikiwa imenyooshwa mbele kabisa badala ya kuusubiri mpira ufike kifuani.

Kuongoza mambo hayo matatu kwa msimu mmoja huku huitwa taji la mara tatu, na wanaolipata ni wachache. Tangu 1990 wako watano: Jerry Rice mwaka huohuo, futi 6 na inchi 2. Sterling Sharpe 1992, futi 6. Smith 2005. Cooper Kupp 2021, futi 6 na inchi 2. Ja'Marr Chase 2024, futi 6. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyefika futi 6 na inchi 3. Kama kimo ndicho kingekuwa msingi, majitu ya futi 6 na inchi 5 yangekuwa yamejaa kwenye orodha hii.

Na sisi wa Minnesota tunayo mengine ya kusema. Mwaka 2016 Vikings walimchukua Laquon Treadwell katika raundi ya kwanza, mtu wa 23, kijana mkubwa wa futi 6 na inchi 2. Msimu mzima wa kwanza alidaka pasi moja. Simlaumu yeye, alichaguliwa kwa mwili, naye hakujichagua. Lakini mwaka mmoja kabla walikuwa wamemchukua Stefon Diggs, futi 6 kamili, mtu wa 146. Tarehe 14 Januari 2018, katika mchujo dhidi ya New Orleans Saints, zikiwa zimebaki sekunde 10 na Vikings wako nyuma kwa pointi moja, Diggs aliruka kando ya mstari, akadaka, mlinzi akamkosa na kupita chini yake. Diggs akatua akiyumba, akagusa nyasi kwa mkono mmoja ili asianguke nje, akainuka, akakimbia hadi mwisho. Yadi 61, mechi ikaisha 29 kwa 24. Mtaa wangu wote ulitoka nje kwenye theluji. Ule mkono uliogusa nyasi ndio ninaoukumbuka. Hakuna mahali Indianapolis wanapoupima.

Sasa niseme la nyumbani kwangu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Miaka miwili iliyopita, kijana wangu akiwa darasa la 9, alikwenda kujiunga na wapokeaji wa timu ya shule. Shule na kocha sitawataja. Ukutani palikuwa na mstari wa tepu ya bluu. Watoto walipangwa, na wale ambao vichwa vyao havikufika kwenye tepu waliambiwa waende kundi jingine. Hakuna aliyewarushia mpira. Alirudi nyumbani akaniomba nimpime. Nikampima. Akaniomba tena akiwa amevaa njumu. Akaniomba asubuhi, kwa kuwa alikuwa amesoma kwamba mtu huwa mrefu zaidi anapoamka. Kwa wiki kadhaa nilimkuta akining'inia kwenye fremu ya mlango. Siku moja akaniuliza, "Mama, baba alikuwa na urefu gani hasa?" Marehemu baba yake alikuwa futi 5 na inchi 9. Nilipomjibu alinyamaza, na nikaona anahesabu.

Usiku ule ndipo nilipomtafutia Steve Smith kwenye simu. Tulitazama pamoja hadi saa saba za usiku, na kesho yake ilikuwa siku ya shule.

Ile tepu ya bluu ilikuwa na kosa jingine ambalo kocha hakuweza kuliona, ila mimi naliona kila siku kwa pindo. Mtoto wa miaka 13 au 14 hajamaliza. Nina mteja ambaye suruali yake niliishusha pindo mara tatu katika mwaka mmoja. Alianza mwaka akiwa mfupi wa darasa, akaumaliza akiwa anainama mlangoni kwangu. Nina mwingine aliyekuwa na ndevu na kimo cha mtu mzima akiwa na miaka 13, makocha wakimgombania, na tangu hapo sijawahi kugusa pindo lake. Amepitwa na karibu wote. Ukiwachagua watoto wa umri huo kwa tepu ukutani, unachagua waliowahi kukua tu, na wale waliochelewa umeshawafukuza kabla hujajua watafika wapi. Na wale watakaobaki wafupi kweli, kama wangu, umewanyima miaka miwili ya kufundishwa miguu, kitu pekee ambacho kingewafaa.

Yeye aliingia kwa njia ileile ya Smith: kurudisha mipira ya kuanzia, kazi isiyo na foleni. Msimu uliofuata wakamweka mpokeaji wa ndani, karibu na katikati. Msimu uliopita alidaka pasi 14 na kudondosha 2. Najua kwa sababu nazihesabu kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma.

Narudi kwa mwandishi wenu. Ana haki ya kusema kwamba mlango umefunguka kwa vijana wetu. Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga, aliingia timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013. Naye ni mtu wa futi 6 na inchi 5, lakini alicheza upande wa ulinzi, hakuwa mpokeaji, kwa hiyo hafai kuwa kipimo hapa. Mwaka 2023 NFL ilikwenda Nairobi kutafuta vipaji. Na mwaka 2028 Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles itakuwa na futiboli ya bendera, wachezaji 5 kwa 5, wanaume na wanawake, mchezo usio na kugongana wala pedi, ambapo unamkamata mtu kwa kuchomoa kitambaa kiunoni mwake. Katika mchezo huo mtu mfupi anayejua kukata kona ni dhahabu. Mabinti wetu wa netiboli, waliozoea kudaka hewani na kusimama palepale bila kupiga hatua, wana nusu ya kazi tayari mikononi. Itakuwa uchungu mkubwa ikiwa watu wa kwanza kuwaambia hawafai watakuwa ni gazeti la Kiswahili.

Kwa hiyo ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Mwandishi arudi kwenye ukurasa wake awaeleze makocha wa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko watakaosoma: wampime kijana mkono ulionyooshwa, si kichwa. Wampime shibiri. Wamwekee mawe mawili chini wamwambie akate kona kwa kasi, wahesabu hatua anazotumia kugeuka. Kisha wamrushie mipira 20, kumi akiwa amesimama na kumi akikimbia, wahesabu iliyoanguka. Kimo waandike mwisho, baada ya yote hayo. Vifaa vyote vinavyohitajika ni futi ya fundi, chaki na mpira mmoja.

Mazoezi ya msimu mpya yanaanza Agosti na jezi zimeshaanza kuletwa. Ya kijana wangu nimeishona upya kwapani kwa uzi mara mbili, maana mkono wake mrefu ndio unaoichana. Ukuta wa duka sijaupaka rangi. Alama zote mbili za chaki bado zipo, na mwandishi wenu akipata safari ya Minnesota, karibu sana aje azione.

Ni mimi,
Mama Fundi,
Brooklyn Park, Minnesota, Marekani